Ninasomea maji, baba anasema ninasomea kumfungia mfereji

Shikamoo Mama,

Nina miaka 22, niko mwaka wa pili wa uhandisi wa rasilimali za maji katika chuo kimoja hapa nchini. Kozi hii sikuiomba kwa mapenzi. Kidato cha sita nilisoma PCM (fizikia, kemia na hisabati), chaguo langu la kwanza lilikuwa uhandisi ujenzi, majina yalipotoka nikajikuta huku. Nikasema potelea mbali, kwetu tunalima mpunga, maji si kitu kigeni.

Kwetu ni Usangu, huko Mbeya. Baba ana ekari nne za majaruba na ndizo zilizonisomesha. Mwaka juzi, kiangazi kimepamba moto, walikuja maofisa wakateremsha lango la banio letu, pale mfereji unapochotea maji mtoni, wakalitia kufuli, eti maji yaende mtoni. Jioni ile baba alinipigia simu akaniambia, "Kumbe ndiyo kazi unayosomea. Ukimaliza utakuja na kufuli lako." Alisema akicheka, lakini namjua baba yangu anavyocheka. Tangu hapo kila nikienda likizo wajomba wananiita "Bi Kufuli."

Jambo la pili. Mwaka jana nilikwenda fildi kwenye ofisi moja, naomba nisiitaje. Kazi niliyopewa ni kuingiza kwenye kompyuta daftari za kina cha mto, zile anazoandika msoma geji, yaani ubao wenye namba uliosimikwa mtoni, asubuhi na jioni. Nikafika mwezi mmoja namba zote ni 1.12. Siku 31, asubuhi na jioni, 1.12. Nikaomba kwenda kituoni. Nikamkuta mzee wa watu, akaniambia posho hajaiona miezi mitano, na geji yenyewe imelala upande tangu gogo kubwa liipige. Machi na Aprili hakuandika chochote. Niliporudi nikamwambia msimamizi wangu, naye akasema, "Jaza tu, weka namba zinazopandapanda kidogo, hizo hakuna anayezisoma." Nikajaza. Miezi miwili mizima Mama, nimekaa kwenye kiti nabuni mto. Nikaweka na grafu kwenye ripoti, nikapata A ya fildi.

Halafu mtihani wa Haidrolojia nikala sapu, yaani nimefeli na natakiwa kurudia. Swali la mafuriko ya miaka 50 niliandika ni mafuriko yanayokuja mara moja kila baada ya miaka 50, mwalimu akanipa sifuri nzima nzima. Sasa nasubiri kurudia mtihani. Baba nimemwambia matokeo bado hayajatoka.

Rafiki zangu wananishauri nihamie ujenzi, wanasema huku hakuna ajira, na mtaani wanatuita mafundi bomba. Nihame au nibaki? Na zile namba, nizinyamazie tu? Mwenzangu mmoja anasema kila mtu anafanya hivyo.

Bi Kufuli

* * *

Marahaba mwanangu.

Nianze na Machi na Aprili. Umezificha katikati ya barua, lakini nadhani ndizo zilizokufanya ushike kalamu. Sapu hulia nayo kila mwanafunzi, na baba kukutania si habari mpya nyumbani. Mtu aliyeandika "nabuni mto" hilo ndilo linalomkosesha usingizi.

Msimamizi wako alikwambia hakuna anayezisoma. Nakwambia nani anazisoma. Siku moja barabara ya huko itataka daraja. Mhandisi atafungua rekodi za kituo kile, na kwa daraja wastani wa mwaka hauna faida kwake. Anatafuta siku moja tu, ile kubwa kuliko zote, ya kila mwaka. Siku hiyo kwa mito yetu mingi iko wapi? Iko Machi na Aprili. Yaani umebuni miezi ile ile ambayo mto unasema neno lake kubwa, tena ukaubunia upole, "namba zinazopandapanda kidogo." Mhandisi atachukua mto wako mpole, atachora daraja la mto mpole, na mto wenyewe hajawahi kukutana nao.

Hapa ndipo linapoingia lile swali ulilokosea, na usimkasirikie mwalimu. Mafuriko ya miaka 50 ni mafuriko ambayo kila mwaka yana nafasi ya asilimia 2 ya kutokea au kupitwa. Kila mwaka, bila kujali yalikuja lini. Yanaweza kuja mwaka huu na mwakani tena. Chukua nafasi ya kutokuja, 0.98, izidishe yenyewe kwa yenyewe mara 50, utapata 0.364. Kwa hiyo daraja likikaa miaka 50, nafasi ya kukutana nayo walau mara moja ni karibu asilimia 64. Fanya hesabu hiyo kwa mkono wako leo usiku, usiifanye kwa macho. Na ujue kwamba huo ujazo wa mafuriko ya miaka 50 haushuki kutoka mbinguni, unatokana na zile daftari. Ukiwa na miaka 20 ya rekodi na minne kati yake imepikwa, mstari wote wa makadirio unainama.

Nami nina la kukiri. Nilipoanza kazi hii ya kupima mito nilipangiwa kituo ambacho mwenzangu alikuwa likizo, nikawa nasoma geji mwenyewe. Nikapata malaria, nikalala siku tatu. Nilipoamka nikaona aibu kuacha mistari mitatu mitupu kwenye daftari safi la mwenzangu, nikaandika namba tatu zinazopanda taratibu kuunganisha ya Jumatatu na ya Ijumaa. Nilijiona mwerevu. Miaka mingi baadaye kijana mmoja wa fildi, kama wewe, akaja na karatasi mezani kwangu, "Mama, hizi siku tatu mto unapanda lakini vituo vyote vya mvua vya jirani vinaonyesha sifuri. Kulikuwa na nini?" Mwandiko aliutambua. Hakusema, lakini aliutambua. Sijasahau namna nilivyovua miwani nikaifuta ilhali haikuwa chafu.

Kwa hiyo fanya hivi. Waandikie barua pepe msimamizi wa ile ofisi na msimamizi wako wa chuo, barua moja, wote wawili waione. Taja kituo, taja tarehe ya kwanza na ya mwisho, sema vipimo vya kipindi hicho havikusomwa mtoni, uliviingiza kwa makadirio, na unaomba viondolewe nafasi ziachwe wazi. Sema geji imelala na inahitaji kusimamishwa na kupimwa upya. Usitaje nani alikwambia nini. Usilalamike. Maneno mia moja yanatosha. Nakala ibaki kwako, na ripoti yako iongezee ukurasa wa marekebisho. Inawezekana A ikawa B. Inawezekana pia msimamizi akanuna. Sikufichi.

Na nimesema ziachwe wazi, sikusema ziwekwe sifuri. Hili watu wenye digrii mbili hulikosea. Sifuri maana yake tulikwenda, tukakuta mto mkavu. Nafasi wazi maana yake hatukwenda. Ukiweka sifuri umezua ukame ambao haukuwepo. Pengo lililoachwa pengo, mtu anaweza kulishughulikia. Atatafuta kituo cha juu au cha chini kwenye mto huohuo, ataangalia mvua, atakadiria, na pembeni ataweka alama kwamba hapa nimekadiria. Hiyo ni kazi halali kabisa na utafundishwa. Tofauti yake na uliyofanya wewe ni ile alama pembeni.

Usidharau kazi ya kuandika namba ya kina kila siku. Kina cha Ziwa Victoria kimekuwa kikisomwa tangu mwaka 1896. Ndiyo maana leo tunajua kwamba kati ya 1961 na 1964 ziwa lilipanda zaidi ya mita mbili, na ziwa lilipopanda tena mwaka 2020 na 2024, wataalamu walikuwa na kitu cha kulinganisha nacho badala ya hadithi za wazee. Kuna watu waliokuwa wakishuka ufukweni kila siku na daftari, mvua au jua. Majina yao hatuyajui.

Sapu hainisumbui. Huo mtihani utaupita. Somo hili linawaangusha wengi kwa sababu linakuja likiwa limevaa nguo za hisabati kumbe ndani ni takwimu na mchanga wa mtoni. Tafuta mitihani ya miaka mitano iliyopita, ifanye yote kwa kalamu, na kila fomula uiulize inapima kitu gani unachoweza kukiona kwa macho. Ukikwama kwenye lile jedwali la kupata kiasi cha maji kwa kugawa mto vipande vipande, upana mara kina mara kasi, nenda kwenye mtaro wowote wenye maji ukaugawe.

Kuhama, sikushauri, na sababu yangu si mapenzi. Uko mwaka wa pili. Kabla ya kumsikiliza rafiki yeyote nenda ofisi ya udahili na dawati la mikopo, uliza kama kuhama kunawezekana sasa, utarudia masomo mangapi, na bumu lako, zile fedha za mkopo za kujikimu, litakuwaje. Naamini ukisikia majibu utanyamaza mwenyewe. Pia huko ujenzi unakokuonea wivu mmeshasoma pamoja hesabu, mekanika ya vimiminika na upimaji ardhi, na wao wakifika kwenye makalavati na mifereji ya barabara wanawatafuta ninyi. Ajira ni chache, ni kweli, kama za wengine wote. Lakini hesabu uwanja wako wenyewe. Kuna bodi za maji za mabonde tisa, toka Pangani hadi Ziwa Nyasa. Kuna RUWASA iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 kwa ajili ya maji vijijini. Kuna mamlaka za maji za miji, umeme wa maji, migodi, umwagiliaji, kampuni za uchimbaji visima. Mwenye kujua kupima na pia kutumia QGIS ya kuchora ramani na HEC-RAS ya kukokotoa mwendo wa maji mtoni hakai benchi muda mrefu, na programu zote mbili ni za bure, hata kompyuta yako ya mkopo inaziweza. Anayekuita fundi bomba mwache. Bomba likikatika nyumbani kwake atakuja kwa adabu.

Sasa baba.

Huyu ndiye nimemfikiria zaidi. Baba yako haulizi swali la kijinga. Anaona maji yanapita mbele ya banio lake, yanaachwa yaende, na mpunga wake unakauka. Ukimjibu kwa lugha ya lekcha utampoteza. Mwanzie na mto anaoujua. Ruaha Mkuu ukitoka Usangu unapita Hifadhi ya Ruaha, unaingia bwawa la Mtera, unashuka bwawa la Kidatu, na mwisho unamwaga Rufiji. Mashine za umeme za Kidatu peke yake ni megawati 204. Muulize kama anakumbuka enzi mto ulipokuwa haukauki. Atakumbuka, maana tangu mwaka 1993 ndipo ulipoanza kukatika kabisa kiangazi huko hifadhini, viboko wakabaki wamerundikana kwenye madimbwi ya tope. Sababu si moja, wala si mkulima mmoja mwenye ekari nne. Ni mabanio mengi yakiwa wazi usiku na mchana, hata wiki ambazo shambani hakuna cha kumwagilia.

Mweleze na hili, ambalo wengi wa huko kwenu hawalijui. Eneo la Ruaha Mkuu ni karibu nusu ya bonde lote la Rufiji, lakini maji unayopeleka ni kama asilimia 15 tu. Kilombero, wenye eneo dogo kuliko Ruaha Mkuu, unaleta zaidi ya asilimia 60. Kwenu ni pakavu kuliko panavyoonekana mtu akisimama katikati ya majaruba ya kijani. Baba anaishi kwenye mkono mwembamba wa mto mnene.

Na sheria nayo uisome wewe mwenyewe, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, namba 11 ya 2009. Utaona maji ya kunywa na matumizi ya nyumbani yanatangulia, yanafuata ya kuuweka mto hai, ndipo tunakuja sisi wengine na vibali vyetu. Maana yake baba ana haki pia. Kibali kina kiasi kilichoandikwa. Je, skimu yenu inacho? Kinasema lita ngapi? Siku ile ya kufuli, mfereji ulikuwa unachukua lita ngapi? Nina hakika pale kijijini hakuna aliyejua, na sitashangaa kama aliyefunga naye hakujua.

Hapo ndipo utakapoonyesha unasomea nini. Likizo ijayo chukua tepu, simu yenye saa, na chungwa. Ndiyo, chungwa, linaelea nusu limezama, upepo hauliburuti kama unavyoburuta kipande cha boksi. Tafuta kipande cha mfereji kilichonyooka, pima mita 20, simamisha mjomba mmoja juu na mwingine chini, hao hao wanaokuita Bi Kufuli. Tupa chungwa juu kidogo ya alama ya kwanza, hesabu sekunde, rudia mara tano. Pima upana na kina sehemu kadhaa.

Tuseme upana ni mita 1.5 na kina cha wastani mita 0.4, eneo ni mita za mraba 0.6. Chungwa limechukua sekunde 50, kasi ni mita 0.4 kwa sekunde. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kwa hiyo zidisha kwa 0.85, unabaki na 0.34. Mara 0.6, ni mita za ujazo 0.204, yaani lita 204 kila sekunde. Ukikadiria mpunga unataka kama lita 2 kwa sekunde kwa hekta, mfereji huo unaweza kulisha hekta 100 hivi, karibu ekari 250. Sasa muulize baba, ninyi wote mnaotumia mfereji huu mna ekari ngapi? Akisema 120, basi nusu ya maji inakwenda wapi? Akisema 400, basi shida yenu si kufuli, ni mgao, na mna hoja ya kuipeleka kwenye jumuiya yenu ya watumia maji mkiwa na namba mkononi. Mimi sijui lipi ni kweli. Na wewe hujui mpaka chungwa lipite.

Andika unachokiona, hata kama kinamuumiza baba. Hata kama kinawaumiza waliofunga.

Limebaki lile ulilolipitisha upesi, kwamba umemwambia matokeo bado hayajatoka. Mwanangu, hilo nalo ni daftari la 1.12. Mpigie leo jioni akiwa ametoka shambani na ameshakula, usimpigie asubuhi. Mwambie, "Baba, shikamoo. Matokeo yametoka muda. Nimefeli somo moja, narudia, mengine nimepita." Halafu nyamaza, usijaze nafasi. Anaweza kufoka. Anaweza kukuuliza ni somo gani. Ukimwambia ni la mafuriko, mzee wa Usangu huenda akawa na cha kukufundisha kuliko unavyodhani. Muulize mwaka ambao maji yalifika juu kabisa, yalifikia wapi, kwenye mti gani, kwenye ukuta wa nani. Sisi tunatembea vijijini kutafuta alama hizo hizo na kuzipima kwa darubini ya upimaji.

Kuhusu yule mzee wa geji. Katika barua yako ya marekebisho ongeza mstari mmoja kwamba msomaji wa kituo anadai posho ya miezi mitano. Hiyo si kulalamika, ni taarifa ya kituo kama ile ya geji kulala. Na ukipata nafasi ya kupita huko tena, mpelekee daftari jipya na kalamu za risasi mbili tatu. Wino ukilowa unakimbia.